Kasoro ya Kioo na Uaminifu wa Mtu

Wahenga walisema kwamba ukipenda, chongo utaita kengeza. Methali hii aghalabu hutumiwa kwa kuwacheka wapenzi, lakini ndani yake mna swali zito ambalo kicheko hakilijibu. Je, mtu apendaye kitu chenye kasoro amepofushwa na pendo lake, au ameona jambo ambalo wengine hawalioni? Na kama anajua wazi kuwa ni chongo, lakini huwaambia wengine kuwa ni kengeza, je, huyo bado ni mpenzi au amekwisha kuwa mwongo? Nataka kulijadili swali hili kwa njia ya jambo dogo ambalo wengi wataliona kuwa ni mchezo. Jambo lenyewe ni kupiga picha kwa lenzi kuukuu. Msomaji aniwie radhi kwa kumtoa vitabuni na kumpeleka katika vyuma na vioo. Mchezo wa mtu mara nyingi hufunua tabia yake kuliko kazi yake, maana kazini hutazamwa na wengine, na katika mchezo hudhani kwamba hatazamwi na yeyote.

Baba yangu mdogo alisoma uhandisi mjini Moscow, akarejea nyumbani mwaka 1978. Katika mizigo yake mlikuwa na kamera ya Zenit-E yenye lenzi ya Helios-44-2 ya milimita 58. Aliitumia miaka michache, kisha akaitia sandukuni, na sanduku likakaa Tanga zaidi ya miaka thelathini. Alipofariki nilirithi kamera ile kwa sababu hapana mwingine aliyeitaka. Kamera ilikuwa imekufa, lakini lenzi ilikuwa hai. Nilinunua pete ya chuma ya kuiunganisha na kamera yangu ya siku hizi, na hapo ndipo mchezo wangu ulipoanza.

Pete hiyo yafaa kuelezwa, maana watu hudhani pana ufundi mkubwa ndani yake. Lenzi ya Helios iliundwa ikae mbele ya filamu kwa umbali wa milimita 45 na nusu hivi. Kamera mpya zisizo na kioo cha kugeuza taswira ndani yake hutaka lenzi ikae karibu zaidi, katika milimita 16 mpaka 20. Nafasi iliyobaki hujazwa na pete tupu, isiyo na kioo wala umeme. Kwa hiyo lenzi iliyoundwa zama za filamu huweza kukaa juu ya kamera ya leo na kufanya kazi, ila kazi yote ya kulenga na ya kupunguza au kuongeza nuru humrudia mwenye mkono. Lenzi mpya hulenga yenyewe kabla mtu hajafikiri, lakini kuukuu humngoja. Nilipata faida katika kungoja huko, kwa sababu nilijifunza kumtazama mtu kabla ya kumpiga picha.

Baada ya Helios nilinunua lenzi nyingine kwa bei ya chini, nyingi zikiwa zimeundwa na viwanda ambavyo si vyenye kamera zenyewe. Hapo nilikutana na swali la kwanza, ambalo ni swali la jina.

Jina hutangulia kitu sokoni. Carl Zeiss alifungua karakana yake mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1846, na baada ya miaka jina lake likawa dhamana ya kioo kizuri duniani. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wamarekani waliondoka Jena wakiwachukua wakuu na wataalamu wengi wa kiwanda kwenda magharibi, ambako kiwanda kingine kilisimama mjini Oberkochen. Warusi walioingia baada yao walichukua mitambo na baadhi ya mafundi mwaka 1946. Hata hivyo kazi iliendelea Jena. Jina moja likawa na nyumba mbili, na nyumba hizo zikashtakiana mahakamani miaka mingi. Ikawa lenzi za Jena zilizouzwa katika nchi za magharibi ziliandikwa "aus Jena", maana yake "kutoka Jena", bila ya jina la Zeiss. Kioo kilikuwa kile kile na mikono iliyokisugua ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni herufi zilizochorwa juu ya chuma. Helios yangu nayo ni mjukuu wa nyumba hiyo, kwa kuwa mchoro wake ulifuata lenzi ya Biotar iliyobuniwa na Willy Merté wa Zeiss, nayo ikaundwa Krasnogorsk karibu na Moscow.

Mfano wa pili ni wa Vivitar. Jina hili ni la kampuni ya Marekani iliyouza lenzi nyingi katika miaka ya 1970, lakini haikuziunda yenyewe. Iliagiza kazi kwa viwanda vya Japani, na katika lenzi nyingi za miaka hiyo tarakimu mbili za mwanzo wa namba humtaja fundi wa kweli: 22 ni Kino, 28 ni Komine, na 37 ni Tokina. Ninayo Vivitar ya milimita 28 niliyouziwa na mpiga picha mstaafu kwa bei ya chakula cha siku mbili. Namba yake huanza na 28. Aliyeisanifu na kuisugua hakuandika jina lake, ila aliacha tarakimu mbili ambazo mnunuzi wa kawaida hapiti kuzisoma.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ningependa methali hii iwe kweli daima, lakini katika soko la lenzi nimeona vizuri vingi vimelala vumbini kwa kukosa jina, na vya wastani vimebebwa mabegani kwa fahari. Walakini nisijisifu upesi. Nilipozoea lenzi za bei rahisi, niligundua kwamba nilipenda kuwaambia watu bei yake kabla ya kuwaonyesha picha zake. Nilitaka washangae. Basi nami nilikuwa mtumwa wa jina, tofauti yangu na mwenye lenzi ghali ni kuwa yeye hujivunia alilolipa, nami nilijivunia nisilolipa. Macho yetu sote wawili hayakuwa juu ya picha. Aachaye jina hana budi kuacha pia fahari ya kuliacha, ndipo aweze kukihukumu kitu kwa kazi yake.

Sasa tuitazame kazi hiyo. Tukikihukumu kioo kwa kazi yake tunaingia katika swali la pili, ambalo ni swali la kasoro.

Mwaka 1886 mwanachuoni wa Uingereza, Lord Rayleigh, alipima vioo vikuukuu ambavyo nyuso zake zilikuwa zimefifia kwa umri. Alistaajabu kuona kwamba vilipitisha nuru zaidi kuliko vioo vipya vilivyong'aa. Sababu yake ilikuja kufahamika. Kila uso wa kioo unaogusana na hewa hurudisha nyuma kadiri ya asilimia 4 ya nuru. Lenzi yenye nyuso nane za namna hii hupoteza zaidi ya robo ya nuru yote, na sehemu ya nuru iliyopotea huzungukazunguka ndani ikaifunika picha kwa utando mweupe. Ule utando mwembamba ulioletwa na umri ulipunguza marejeo hayo. Mwaka 1935 Alexander Smakula, fundi wa Zeiss, alipata njia ya kupaka kioo utando kwa makusudi, na leo hapana lenzi nzuri isiyopakwa. Basi jambo lililodhaniwa kuwa ni uchakavu lilikuwa mwalimu wa maendeleo. Laiti watu wa zama zile wangalivitupa vioo vyote vilivyofifia, huenda somo lile lingalichelewa.

Lakini si kila kasoro ni mwalimu. Kuvu liotalo ndani ya lenzi ni adui tu. Kwetu pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, kuvu hupenya kati ya vioo, likaota nyuzi kama za utando wa buibui, na likiachwa hula mpako na kukichimba kioo chenyewe. Halina uzuri wala somo, isipokuwa somo la kutunza vitu mahali pakavu.

Kati ya faida na hasara ziko kasoro ambazo hukumu yake haipatikani upesi. Helios ikifunguliwa tundu lake lote, na nyuma ya mtu pakiwa na miti yenye majani mengi, majani yale huonekana kama yanazunguka kichwa chake. Haya si miujiza. Tundu la duara likitazamwa kwa upande kupitia bomba huonekana jembamba kama jicho la paka, na vivyo hivyo kila nukta ya nuru iliyo kando ya picha huchorwa kwa umbo hilo, zote zikipangika kuizunguka kati. Lenzi ya Joseph Petzval ya mwaka 1840, iliyofungua njia ya kupiga picha za watu kwa muda mfupi, nayo huzungusha kando zake. Mpima ardhi akiiona kasoro hii ataitupa lenzi, na atakuwa na haki. Mpiga picha za nyuso ataitafuta, naye ana haki pia. Kasoro haihukumiwi peke yake, huhukumiwa pamoja na kazi iliyokusudiwa.

Hapa wengine husema: ikiwa ni hivyo, basi kila lenzi husema uongo, na hapana picha iliyo ya kweli, kwa hiyo mtu na afanye apendavyo. Nimelisikia neno hili madarasani mara nyingi, na vijana hulipenda kwa kuwa laonekana kuwa na elimu. Mimi silikubali. Ibn al-Haytham, aliyeandika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11, alionyesha kwamba tunaona kwa nuru inayotoka katika vitu kuja machoni. Pia alieleza kwa urefu jinsi jicho linavyokosea. Lakini hakusema kwamba kuona ni bure. Aliyachunguza makosa ya jicho ili kuona kupate kutegemewa. Mizani yenye kupungua ratili moja bado yaweza kupima kwa haki, madhali muuzaji na mnunuzi wote wajua kwamba imepungua ratili moja. Wataongeza ratili ile na kupeana mkono. Mizani hiyo hiyo yawa chombo cha dhuluma siku ambayo muuzaji ajua na mnunuzi hajui. Chuma ni kile kile, na kosa ni lile lile. Kilichobadilika ni moyo wa mtu mmoja.

Naandika haya nikiwa na haya, kwa kuwa nimewahi kuwa muuzaji huyo.

Nilikuwa na lenzi ya Takumar ya milimita 50, kazi ya Wajapani. Baadhi ya vioo vya lenzi za ukoo huo vilitiwa thoriamu ili viipinde nuru vizuri, na kwa miaka mingi hugeuka rangi ya manjano. Manjano hayo hutibika, maana lenzi ikianikwa juani siku kadhaa weupe wake hurudi. Niliianika yangu, ikarudi, nikafurahi. Lakini jua lilinionyesha pia kwamba nyuma ya kioo cha mbele palikuwa na nyuzi chache za kuvu. Sikuweza kuifungua. Muda si mwingi alinijia mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa akijifunza kupiga picha, akataka kuinunua. Aliniuliza, "Mwalimu, ni safi?" Nikamjibu, "Hutoa picha safi." Jibu langu lilikuwa kweli. Kuvu kidogo halionekani katika picha. Akanilipa, akaniamkia kwa adabu, akaenda zake.

Baada ya miezi mitatu alirudi. Alikuwa ameitazama lenzi kwa tochi, naye alikwisha kusoma habari za kuvu. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Mwalimu, huu ukungu ulikuwako?" Nikasema ulikuwako. Nikatoa fedha yake nimrudishie. Aliipokea kwa mikono miwili, kisha akasema, "Ungeniambia, ningeinunua vivyo hivyo."

Neno hilo limekaa nami kuliko hesabu ya fedha. Nilikuwa nikijitetea moyoni kwamba sikumdhuru, kwa sababu lenzi ilikuwa ikifanya kazi, na bei ilikuwa nafuu. Naye alinithibitishia kwamba kwa upande wa lenzi sikumdhuru kweli. Nilimnyang'anya kitu kingine. Kasoro ile alikuwa na haki ya kuichagua, akaifahamu, akaikubali, na pengine akaipenda kama nilivyoipenda Helios ya marehemu. Mimi nilichagua kwa niaba yake, nikatumia neno la kweli kufunika jambo la kweli. Yule kijana hakuacha kunisalimu, lakini hakuniuliza tena jambo lolote la lenzi. Mwalimu asiyeulizwa amepungukiwa na sehemu kubwa ya kazi yake.

Nilidhani nimekwisha kulielewa somo hili, mpaka nilipofunzwa upande wake wa pili na shangazi yangu.

Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Lenzi ya jicho la mwanadamu, kama ile Takumar, hugeuka manjano kwa umri na kuingia ukungu, ila haiponi kwa kuanikwa juani. Tangu Harold Ridley alipotia lenzi ya kuundwa ndani ya jicho la mgonjwa mjini London mwaka 1949, maradhi haya yamepata dawa, na shangazi alitibiwa kwa njia hiyo. Kitambaa kilipoondolewa aliziona rangi kwanza, akashangilia buluu ya khanga yake mwenyewe. Kisha akaomba kioo. Alijitazama kwa muda, akasema, "Kumbe nimezeeka hivi, nanyi mmenyamaza." Tulicheka, naye akacheka pamoja nasi, lakini alikirudia kioo mara ya pili.

Mwaka ule ule nilimpiga picha mbili kibarazani kwake. Moja niliipiga kwa lenzi mpya, iliyoonyesha kila kunyanzi la uso na kila uzi wa mtandio. Ya pili niliipiga kwa Helios. Katika hiyo uso wake ulikuwa laini, na majani ya mwembe yalimzunguka kama taji. Hapana shaka niliipenda ya pili. Nilizisafisha zote mbili, nikampelekea, nikatangulia kumsifia ile ya Helios kabla hajaziona vizuri. Alizishika mkono huu na huu. Akaninyoshea ile ya lenzi mpya, akasema hiyo ndiyo itakayowekwa ukutani. Nikamwuliza, "Na hii, Shangazi?" Akanijibu, "Mwanangu, nimepasuliwa macho nipate kuona, nawe wanirudishia ukungu?"

Nilitaka kumweleza habari za uzuri. Bahati njema nilinyamaza. Niliona baadaye kwamba nilikuwa nimefanya kwake jambo lile lile nililomfanyia mwanafunzi, ila kwa kinyume. Kwa mwanafunzi niliificha kasoro, na kwa shangazi nililazimisha kasoro. Kosa lilikuwa moja katika yote mawili, nalo ni kumchagulia mwenzangu jambo lililokuwa lake kuchagua. Uso ulikuwa wake. Makunyanzi aliyapata kwa miaka yake, naye alitaka yahesabiwe. Mimi nilikuwa nikitafuta picha yangu juu ya uso wake, nikaiita heshima.

Wengine watasema kwamba mapenzi huruhusu kulainisha, na kwamba si adabu kumwonyesha mzee uzee wake. Nakubali kwamba ukweli una adabu yake, na si kila lionwalo hunenwa. Walakini adabu humpa mwenzako nafasi ya kukataa. Simu nyingi za siku hizi huweza kuulainisha uso na kuung'arisha ngozi zenyewe, na nyingine hufanya hivyo kabla mwenye uso hajaulizwa. Si vigumu kumpata kijana ambaye ameizoea sura hiyo, akachukizwa na kioo cha nyumbani kwao. Helios haifanyi hivyo. Kasoro yake iko wazi mbele ya macho ya kila mtu, kwa kuwa hapana atazamaye majani yanayozunguka akadhani kwamba mti ulizunguka kweli. Kasoro iliyo wazi humwachia mtazamaji akili yake, lakini kasoro iliyofichwa humpokonya.

Basi narudi kwenye methali niliyoanza nayo. Mtu akipenda na kuiita chongo kengeza katika moyo wake, hapana wa kumshtaki. Hiyo ni haki ya pendo, na pengine ndiyo inayotuwezesha kuishi pamoja, maana kizuri hakikosi ila. Akimwambia mnunuzi kwamba ni kengeza, amekuwa mwongo, hata kama bei ni nafuu. Na akimwambia mwenye jicho lenyewe kwamba aridhike kuwa na kengeza kwa sababu yeye amelipenda, amekuwa mdhalimu, hata kama nia yake ni njema. Tofauti ya watu hawa watatu haipatikani kwa kulipima jicho, hupatikana kwa kuuliza nani amejulishwa na nani amechagua.

Shangazi alifariki miaka miwili baada ya siku ile. Picha aliyoichagua iko ukutani mpaka leo, na wajukuu huyagusa makunyanzi yake kwa vidole. Ile ya pili ninayo mwenyewe katika mtoto wa meza, na sijamwonyesha mtu. Helios bado naitumia. Kila ninapotaka kumpiga mtu picha kwa lenzi hiyo humwonyesha kwanza namna inavyoona, kisha humwuliza kama aitaka. Wengi huitaka. Wanaoikataa huwapiga kwa nyingine, wala sizitangulii picha zao tena kwa sifa.